Antigone Mikononi mwa Vijana: Saltpond 1962, New Brighton 1965

Neno tanzia lilikuwa na kazi yake katika nyumba za Waswahili muda mrefu kabla halijaingia jukwaani. Maana yake ya kwanza ni habari ya kifo: mjumbe hufika, husema kwamba fulani hayupo tena duniani, na wale walioipata habari hujua mara moja yapasayo kutendwa, yaani kuosha, kukafini, kusalia na kuzika. Wataalamu wa fasihi walipotafuta jina la mchezo wa Kiyunani uishao kwa msiba walilichukua neno hilo hilo, na uchaguzi wao ulifaa kuliko pengine walivyodhani. Kwani katika Antigone, mchezo ambao Sophocles aliuonyesha Athens karibu na mwaka 441 K.K., tanzia imekwisha kutangazwa kabla ya neno la kwanza kusemwa, na kilichozuiwa ni maziko.

Habari yenyewe ni fupi. Ndugu wawili, wana wa Oedipus, wameuana katika vita vya kugombea kiti cha Thebes. Creon, mjomba wao, ametawala, na ametoa amri kwamba Eteocles azikwe kwa heshima, na Polyneices, aliyekuja na jeshi la kigeni, aachwe mizoga ipendwayo na ndege na mbwa. Antigone, dada yao, ajua kwamba kumzika maiti ni kumsitiri, na kwamba sitara hiyo si fadhila ya mfalme bali ni deni la jamaa. Ammwagia kaka yake mchanga, akamatwa, na afungiwa hai katika pango. Haemon, mwana wa Creon na mchumba wa Antigone, amwonya baba yake bure. Mwaguzi kipofu Teiresias ndiye amtishaye mfalme hata akageuka. Lakini amechelewa, na mwishoni Antigone, Haemon na mama yake Haemon wote wamekufa.

Mchezo huu umependwa sana na vikundi vya vijana duniani, na sababu yake yaonekana wazi. Msichana asiye na silaha asimama mbele ya mzee mwenye dola na kumwambia hapana. Hata hivyo yapasa kuuliza swali moja, nalo ndilo shabaha ya tahakiki hii: vijana waushikapo mchezo huu, je, tanzia hubaki tanzia, au hugeuka kuwa shtaka tu? Mifano miwili ya Afrika yatosha kulipima swali hilo, mmoja wa Ghana na mmoja wa Afrika Kusini.

Mfano wa kwanza ni Odale's Choice, mchezo wa Edward Kamau Brathwaite, mshairi wa Barbados aliyefanya kazi katika Wizara ya Elimu ya Ghana kuanzia 1955 hata 1962. Ulionyeshwa mara ya kwanza mwezi wa Juni 1962 katika shule ya sekondari ya wasichana ya Mfantsiman, Saltpond, ukapigwa chapa 1967. Antigone amekuwa Odale, Ismene amekuwa Leicho, na maiti iliyonyimwa kaburi ni Tawia. Creon peke yake amebaki na jina lake la Kiyunani, kana kwamba mtungaji alitaka udhalimu uonekane kuwa mgeni ambaye hakubatizwa upya. Askari nao hawasemi Kiingereza kile kile cha mfalme. Husema cha mtaani. Katika jambo hili Brathwaite hakumwacha Sophocles hata kidogo. Mlinzi wa Thebes naye, ajapo kumpasha Creon habari mbaya, huzunguka, husitasita na hujitetea kwa lugha ya mtu mdogo aiogopaye shingo yake, na ndiye awachekeshaye watazamaji kabla ya msiba. Ni faida kubwa kwa mchezaji mchanga kupewa nafasi ambayo lugha yake ya kila siku ndiyo lugha sahihi ya jukwaa.

Badiliko kubwa la Brathwaite limo katika jina la mchezo. Creon wake amsamehe Odale. Binti aweza kwenda zake. Lakini msamaha huo haumhusu Tawia, ambaye atabaki juu ya ardhi, na Odale aukataa. Basi kifo chake hakitokani na kukamatwa bali na kuchagua. Kwa wasichana wa shule, na katika nchi ambayo tangu 1958 ilikuwa na sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumhukumu, swali la kwamba uhuru wa mmoja una thamani gani iwapo wa mwenziwe umezuiwa halikuwa swali la vitabuni. Hapo mchezo una nguvu ya kweli, na mtu awezaye kusema kwamba Brathwaite alimharibu Sophocles hajautazama vema.

Lakini faida hiyo ililipiwa. Katika Odale's Choice Haemon hayumo, Teiresias hayumo, wala mke wa mfalme. Maana yake ni kwamba Creon haonywi na mtu ampendaye, hageuki, wala hafiwi. Abaki ukuta, na Odale ajigonga ukutani. Watazamaji humlilia binti, na ni haki yao. Ila hawaondoki na hofu ile nyingine, hofu ya kwamba mtu aliyekuwa na sababu zake aweza, kwa kukaza shingo siku moja, kuimaliza nyumba yake mwenyewe. Kwa Sophocles maiti ya mwisho kuletwa mbele ya watu si ya Antigone. Creon aja na maiti ya mwanawe, kisha aonyeshwa ya mkewe. Msiba umehama nyumba, na kuhama huko ndiko kuufanyako mchezo kuwa tanzia ya wawili.

Mfano wa pili watoka New Brighton, mtaa wa Waafrika wa Port Elizabeth, mji uitwao Gqeberha tangu 2021. Mwaka 1963 kikundi cha wapenda michezo cha huko kilimwendea Athol Fugard kumwomba msaada, na kikaitwa Serpent Players. Hawakuwa wanafunzi, walikuwa watu wa kazi, wengi wao vijana, wafanyao mazoezi baada ya saa za mwajiri. John Kani, aliyezaliwa 1943, na Winston Ntshona, aliyezaliwa 1941, walitokea katika kikundi hicho. Walianza na kichekesho cha Machiavelli, na mwaka 1965 wakafikia Antigone. Siku hizo polisi walikuwa wakiwakamata watu wa jimbo lile mmoja mmoja, na miongoni mwa waliochukuliwa alikuwa mchezaji aliyepewa nafasi ya Haemon. Alipelekwa Robben Island, na mchezo ukamfuata gerezani: hadithi ya Antigone ilisimuliwa na kuigizwa huko na wafungwa.

Kutokana na habari hizo Fugard, Kani na Ntshona walitunga The Island, uliochezwa mara ya kwanza Cape Town mwezi wa Julai 1973 kwa jina jingine, maana kulitaja gereza lile hadharani kulikuwa na hatari. Wafungwa wawili hufanya mazoezi ya kesi ya Antigone kwa ajili ya tamasha la gereza. Mmoja aona haya kuvaa nywele za bandia na matiti ya matambara, achelea kuchekwa. Mwenziwe amjibu kwamba watacheka mwanzoni, lakini baadaye watasikia. Jibu hilo lastahili kuandikwa mlangoni mwa kila chumba cha mazoezi ya vijana, kwa sababu latambua tatizo ambalo wakufunzi wengi hulikwepa: kijana haogopi kusahau maneno, aogopa kuchekwa. Wayunani wenyewe walimchezesha Antigone na mwanamume, kwa kuwa wanawake hawakupanda jukwaani. Mfungwa wa Robben Island, pasipo kujua wala kujali, alikuwa karibu zaidi na desturi ya Athens kuliko majumba mengi ya michezo ya Ulaya.

Lakini hapa pia Haemon hayumo. Wasemao ni Creon na Antigone tu. Basi katika Saltpond Haemon aliondolewa na kalamu ya mtungaji. Katika New Brighton mchezaji wake aliondolewa na polisi. Na katika The Island, ambamo wachezaji ni wawili, nafasi yake haikuwako. Sababu ni mbalimbali, tena hazifanani kwa uzito. Hata hivyo matokeo yalingana: kijana aliyejaribu kusema na mtawala kwa adabu, akiwa ndani ya nyumba yake, ndiye akosekanaye kila mara.

Upungufu huu wajazwa na ushahidi mmoja usiotazamiwa. Nelson Mandela aeleza katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka 1994, kwamba katika michezo ya gerezani yeye alimcheza Creon. Aonyesha kwamba mwanzoni mfalme yule ni mtu wa moyo safi aipendaye nchi yake, na maneno yake juu ya uongozi yana busara. Kosa lake ni ukaidi na kukosa huruma. Mfungwa wa dola alimwelewa mwenye dola! Hapo ndipo mtihani wa kikundi cha vijana ulipo. Hegel alisema kwamba mchezo huu ni mgongano wa haki mbili, na ingawa Sophocles mwenyewe, kwa kinywa cha Teiresias, ameonyesha wazi kwamba Creon amekosa, kosa hilo ni kosa lenye hoja. Mji umetoka vitani jana. Mhaini akizikwa sawasawa na mlinzi wa mji, ni nani atakayeulinda kesho? Mchezaji asiyeweza kuisema hoja hiyo kana kwamba aiamini hajawa tayari kuicheza nafasi ya Creon, na Antigone wake hatakuwa na wa kushindana naye.

Tangu hapa suala lageuka kuwa la lugha, na laihusu Kiswahili moja kwa moja. Kiswahili kimekwisha kumpokea Sophocles: Samuel Mushi, aliyefasiri Makbeth (1968), alitoa Mfalme Edipode mwaka 1971. Kabla yake Julius Nyerere alikuwa ametoa Juliasi Kaizari (1963) na kuisahihisha upya mwaka 1969, akionyesha kwamba shairi lisilo na vina laweza kubeba mabishano ya watawala. Kundi la vijana likitaka kumcheza Antigone kwa Kiswahili lina njia iliyokwisha kufyekwa. Lakini maneno manne ya Kiyunani yatawasumbua, na namna watakavyoyafasiri ndiyo itakayoamua kama wana tanzia au shtaka.

La kwanza ni nomos. Creon hulitumia kwa amri ya mji. Antigone na walio upande wake hulitumia kwa mila ya kuzika wafu na kwa hukumu za miungu zisizoandikwa. Kiswahili kina akiba kubwa hapa: amri, kanuni, ada, mila, desturi, sheria. Akiba hiyo ni mtego. Mfasiri ampaye Creon neno "amri" na Antigone neno "sheria" amekwisha kukata kesi kabla watazamaji hawajaketi. Ampaye Creon "sheria" na Antigone "mila" amekata kesi upande wa pili, kwa kuwa masikioni mwa wengi mila ni jambo la wazee na sheria ni jambo la serikali. Dawa ni kuwaachia wote wawili neno moja, sheria, ambalo kwa historia yake lina nyuso mbili: ni hukumu ya Mungu kwa mujibu wa dini, na ni hukumu ya bunge kwa mujibu wa dola. Ni lugha chache zilizo na neno lililo tayari kugombewa namna hiyo. Wachezaji na waligombee.

La pili ni kerygma, neno litumiwalo na Antigone mwanzoni kabisa kwa tangazo la Creon. Hili halina shida, ni mbiu. Mswahili ajua kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, na ajua pia kwamba mbiu ni sauti ya pembe, ambayo hukoma apigaye anapochoka. Kwa neno hilo moja binti amekwisha kuipunguza amri ya mfalme bila kuitukana. Kuiita "tangazo la serikali" kungeipa uzito ambao Antigone ameunyima.

La tatu ni autadelphos, ndugu wa tumbo moja, neno ambalo Antigone humwitia Ismene mara afunguapo kinywa na ambalo baadaye hulitumia kwa Polyneices. Kiswahili chasema "ndugu wa toka nitoke", na hakuna fasiri iliyo karibu zaidi, maana tumbo lasikika ndani yake. Kwa Polyneices upo pia uwezekano wa neno la kale "umbu", ambalo kaka humwita dada yake na pengine dada humwita kaka. Ni neno lisilosikika sana leo, lakini lina kitu ambacho "kaka" hakina: lakumbusha kwamba mume na mke hao ni jozi. Jozi ni jambo kubwa katika Kiyunani cha mchezo huu. Lugha ile ilikuwa na uwili, yaani umbo la pekee la vitenzi na majina kwa watu wawili, nalo latumika mwanzoni dada hawa wasemapo juu yao na ndugu zao. Ismene akataapo kushiriki, uwili huo watoweka kinywani mwa Antigone. Kiswahili hakina umbo hilo, lakini kina kiambishi cha kutendana na neno "sote wawili". Mfasiri mwangalifu aweza kuviweka katika maneno ya kwanza ya Antigone, kisha avizuie kabisa baada ya ugomvi, asimpe binti yule ila "mimi" na "wewe". Mtazamaji hatajua kilichoondoka. Atahisi baridi tu.

La nne ni deinos, neno ambalo kundi la wazee humwitia binadamu katika wimbo wao mashuhuri, pale wahesabupo ustadi wake wa kuvuka bahari, kulima na kufuga. Lina maana ya kustaajabisha na maana ya kutisha kwa pamoja. Wanazuoni wamehangaika nalo. "Ajabu" haina hofu. "Kutisha" hakuna sifa. Lakini lugha ya vijana wa mijini, ambayo wasahihishaji huifukuza madarasani, imekwisha kulipata neno: kijana amwonapo mchezaji wa mpira aliyewapita watatu husema, "Huyu ni hatari." Amemsifu na amemwogopa kwa pumzi moja. Haifuati kwamba wimbo wa wazee wa Thebes uandikwe kwa lugha ya mtaani. Lakini neno lenyewe ni neno safi la siku zote, na kundi la vijana likililetea jukwaani kwa maana yao litakuwa limewafundisha walimu wao Kiyunani.

Yabaki habari ya kundi la waimbaji na ya Haemon. Waimbaji wa Sophocles ni wazee kumi na watano, na vijana huona taabu kuwaigiza. Wengi hubandika ndevu na kukohoa. Hakuna haja. Kazi ya kundi ni kuimba, na Kiswahili kina mbolezi, nyimbo za kuomboleza, ambazo kijana azisikiapo msibani azijua kwa mwili wake. Antigone aendapo pangoni ajiombolezea mwenyewe kwa sababu hapana atakayemwombolezea, na wazee humjibu kwa nusu huruma na nusu lawama. Muundo huo wa sauti moja na kiitikio hauhitaji kuundwa upya, upo. Kinachohitajika ni ushupavu wa kukiacha kiitikio kimlaumu aimbaye, jambo ambalo mbolezi ya kawaida haifanyi, na hapo ndipo ugeni wa msiba huo utakaposikika.

Naye Haemon na arudishwe. Onyesho lake na baba yake ndilo onyesho la vijana kuliko yote, kuliko hata yale ya Antigone, kwa kuwa Antigone hajaribu kumgeuza Creon, ameshamaliza naye. Haemon ajaribu. Aanza kwa kukiri kwamba yeye ni wa baba yake, kama mtoto alelewaye vema apasavyo kuanza. Atumia mifano: miti ikubaliyo kuinama mafuriko yapitapo husalimika na matawi yake, ikazayo hung'oka na mizizi. Alichosema ni methali, na Mswahili angeona kwamba kijana huyu amelelewa na wazee. Baba amjibu kwamba mtu wa umri wake hafundishwi na mtoto. Kisha heshima yaanza kuchakaa, mstari kwa mstari, hata baba na mwana wasemezana kama watu wa mitaa miwili. Kwa Kiswahili mchakato huo waweza kuonyeshwa kwa neno moja tu: "baba" lisikike katika kila jibu la mwanzo, lipungue, na lisiwepo kabisa katika jibu la mwisho.

Hapo watazamaji wa Kiswahili watajua kitu ambacho hata Wayunani hawakuwa nacho kwa namna hii. Kila mtu amelelewa kwa methali isemayo kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, naye Creon aweza kuisema bila kubadili herufi; ni hoja yake yote. Mchezo waonyesha upande ambao methali haikuutaja: lipo pia la mdogo, na mkuu asiyelisikia huvunjika zaidi ya guu. Wazee wa Thebes humaliza kwa kusema kwamba busara hufunzwa uzeeni kwa mapigo. Maneno hayo huwa mazito tu iwapo mtazamaji amemwona kijana aliyejaribu kuyazuia mapigo yale mapema, kwa adabu, akafukuzwa. Saltpond ilimpa Antigone uhuru wa kuchagua. Robben Island ilimpa Creon mchezaji aliyemwelewa. Kikundi kitakachofuata, kikiwa cha Kiswahili, na kimpe Haemon nafasi ya kusema hadi mwisho.